Saki sita za Pasadena: safu ya mbele ya Alabama ilikosea wapi hasa?

Januari 1, 2024, kwenye uwanja wa Rose Bowl mjini Pasadena, California, Michigan waliitoa Alabama kwa pointi 27 kwa 20 katika nusu fainali ya ubingwa wa futiboli ya Kimarekani ya vyuo vikuu. Mchezo ulikwenda hadi muda wa nyongeza. Kwa saa za Afrika Mashariki ulianza saa saba usiku wa kuamkia tarehe 2, kwa hiyo walioutazama huku kwetu ni wale waliokubali kukesha. Walimwona Jalen Milroe, kwotabeki wa Alabama, yaani mchezaji anayepokea mpira kila jaribio na kuurusha kwa wenzake, akiangushwa mpira ukiwa bado mkononi mwake mara sita, tano kati ya hizo kabla ya mapumziko. Kumwangusha kwotabeki kabla hajauachia mpira ndiko kunakoitwa saki, na saki sita katika mchezo mmoja ni nyingi mno.

Hukumu haikuchelewa. Mashabiki walisema safu ya mbele ya Alabama haifai, na lawama kubwa ikamwangukia mtu mmoja, senta Seth McLaughlin, ambaye mara kadhaa aliupeleka mpira nyuma ukiwa chini mno au umekwenda kombo. Alitukanwa mitandaoni kwa jina lake, kijana ambaye wakati huo alikuwa bado mwanafunzi.

Sasa tazama waliokuwa kwenye safu hiyo hiyo. JC Latham, miezi minne baadaye, alichukuliwa na Tennessee Titans akiwa wa 7 katika uteuzi mzima wa wachezaji wanaoingia ligi ya kulipwa, NFL. Tyler Booker alichukuliwa na Dallas Cowboys mwaka 2025 akiwa wa 12. McLaughlin mwenyewe alihamia Ohio State, na msimu uliofuata akashinda tuzo ya Rimington, inayopewa senta bora wa vyuo vyote nchini. Watatu kati ya watano walikuwa wa kiwango hicho, na bado kwotabeki wao alilambishwa nyasi mara sita. Ama waliowasifu baadaye walikosea wote, ama sisi watazamaji hatujui kuisoma kazi ya safu ya mbele. Mimi nashikilia hilo la pili, na ndilo ninalotaka kulifafanua.

Watano wasio na takwimu

Timu inayoshambulia huwa na watu 11 uwanjani, na hupewa majaribio manne ya kusogeza mpira yadi 10. Yadi moja ni kama sentimita 91. Watano kati ya hao 11 husimama mbele kabisa, uso kwa uso na wapinzani. Katikati yuko senta, anayeinama na kuupeleka mpira nyuma kupitia katikati ya miguu yake. Kulia na kushoto kwake kuna gadi wawili, na nje ya gadi kuna watu wawili wa pembeni. Kwa kwotabeki anayerusha kwa mkono wa kulia, wa pembeni kushoto ndiye anayeulinda mgongo wake, kwa sababu upande huo haoni. Usiku ule, kuanzia kushoto, walikuwa Kadyn Proctor, Booker, McLaughlin, Jaeden Roberts na Latham.

Watu hawa kwa kawaida hawapokei pasi wala hawakimbii na mpira. Mkimbiaji anahesabiwa yadi zake, kwotabeki pasi zake, mpokeaji mipira aliyodaka. Mtu wa safu ya mbele akifanya kazi yake sawasawa mchezo mzima, karatasi ya takwimu haimwandiki popote. Jina lake hutangazwa uwanjani anapokosea tu: amemshika mpinzani, timu inarudishwa yadi 10, ameondoka kabla mpira haujapelekwa nyuma, inarudishwa yadi 5. Ndiyo maana mtazamaji hujikuta hana pa kushika isipokuwa idadi ya saki, na idadi hiyo ni kipimo kibovu.

Ubovu wake unaanzia kwenye kazi yenyewe, ambayo ni mbili, na hazifanani. Ya kwanza ni kumfungulia njia mkimbiaji. Hapo mtu wa mbele ndiye mvamizi: anajua mpira unakwenda wapi na saa ngapi, anamfuata mpinzani na kumsukuma kutoka alipo. Ya pili ni kumkinga kwotabeki anayetaka kurusha. Hapo anarudi nyuma, mara nyingi akimkabili mtu mwepesi kuliko yeye anayemjia kwa kasi, na hajui atapitia ndani au nje. Wapo mabingwa wa kazi ya kwanza wanaoaibika katika ya pili. Anayesema "safu ilicheza vibaya" bila kutaja kazi ipi hajasema kitu bado.

Namba zinaposema nusu ya habari

Tuanze na kukinga, maana hapo hakuna la kutetea. Milroe alirusha pasi 23, 16 zikadakwa, kwa yadi 116 tu. Jumlisha hizo 23 na saki 6, unapata mara 29. Kwa hesabu hiyo, kila mara tano Alabama walipotaka kurusha, mara moja iliishia na kwotabeki wao akiwa chini, yaani zaidi ya asilimia 20, wakati kiwango cha kawaida vyuoni huwa kati ya asilimia 5 na 8. Na haikuwa ajali ya usiku mmoja. Msimu mzima wa 2023 Alabama waliruhusu saki zaidi ya 40.

Upande wa kukimbia, waliandikiwa yadi 172. Hapa kuna mtego unaowapoteza hata watu wanaoandika habari za mchezo huu kila wiki. Katika takwimu za vyuo, saki huhesabiwa kuwa mbio. Milroe akiangushwa yadi 7 nyuma alipotaka kurusha, karatasi inaandika kwamba amekimbia mara moja na kupoteza yadi 7. NFL hawafanyi hivyo. Kwao yadi za saki hukatwa kwenye pasi za timu. Kwa hiyo ukisoma kwamba Milroe alikimbia mara 21 kwa yadi 63, elewa kwamba sita kati ya hizo hazikuwa mbio hata kidogo, na kwamba yadi 63 ndizo zilizobaki baada ya hasara ya saki kukatwa. Vivyo hivyo zile 172 za timu: zimebebeshwa makosa ya kazi nyingine.

Ziondoe saki, na sura inabadilika. Michigan ya 2023 ndiyo iliyoruhusu pointi chache kuliko timu yoyote ya daraja la juu la vyuo, na mbele ya ulinzi wa namna hiyo mkimbiaji Jase McClellan alipata yadi 87 na tachidauni mbili, yaani mara mbili aliuvusha mpira mstari wa goli. Safu iliyokuwa ikizomewa kwa kushindwa kukinga ilikuwa ikisukuma watu vizuri tu ilipopewa kazi ya kusukuma.

Lakini hata hapo inabidi tugawane sifa kwa haki. Tachidauni ya kwanza ya McClellan ilikuwa mbio za yadi 34. Je, yadi zote 34 ni za safu? Ipo kanuni ambayo wachambuzi wa takwimu wameitumia kwa miaka mingi. Mkimbiaji akiangushwa nyuma ya alipoanzia, safu inabebeshwa asilimia 120 ya hasara, kwa sababu karibu kila mara kuna mtu wa mbele aliyepitwa. Yadi nne za mwanzo safu inapewa zote. Kuanzia yadi ya 5 hadi ya 10 inapewa nusu. Kuanzia ya 11 haipewi kitu. Kwa mbio zile za yadi 34, basi, safu inapata 4 za mwanzo na nusu ya 6 zinazofuata, jumla 7. Zilizobaki, 27, ni za miguu ya McClellan na za wapokeaji waliowazuia walinzi wa nyuma. Ni makadirio, na siku nyingine yatamwonea mtu, lakini yanatuepusha na tabia ya kuisifu safu kwa kila mbio ndefu. Mbio zinazoisema safu ni zile za yadi nne kwenye jaribio la tatu zikihitajika tatu, ambazo hakuna anayeziweka kwenye video za matukio makubwa.

Saki ni ya nani?

Kwenye soka tumeshazoea. Kipa akifungwa, mtu anayejua mpira hamwangalii kipa peke yake. Anauliza ni beki gani aliyemwacha mfungaji, na kabla ya hapo ni kiungo gani aliyepoteza mpira katikati. Saki inadai maswali hayo hayo, na majibu yake ni mengi zaidi.

Lipo kosa la wazi: mtu amepitwa na mtu wake, mmoja kwa mmoja. Hilo kila mtu analiona, na halihitaji ufafanuzi.

Linalofuata ni gumu zaidi. Chukua gadi wa kushoto na wa pembeni kushoto, kila mmoja na mpinzani wake mbele. Mpira unaondoka. Mpinzani wa pembeni, badala ya kuzunguka nje kama alivyozoea, anakata kwa nguvu kuelekea ndani na kumgonga gadi begani. Wakati huo huo mpinzani wa ndani anarudi hatua moja, anapita nyuma ya mwenzake na kutokea nje. Gadi na wa pembeni wana kama nusu sekunde ya kuamua. Kila mmoja akimfuata mtu wake, watagongana wao kwa wao, na njia itabaki wazi. Wanatakiwa wapokezane: wa pembeni amsindikize anayeingia ndani mpaka gadi amchukue, kisha yeye arudi nje kumpokea anayetokea. Wakikosea, kwenye televisheni utamwona mmoja tu, yule aliyekuwa karibu na mpinzani aliyefika kwa kwotabeki, na utamlaumu huyo. Mara nyingi mwenye kosa ni yule mwingine, aliyekawia kumwachia mwenzake au aliyemng'ang'ania mtu asiye wake. Nguvu haihusiki kabisa hapa. Ni kusoma, kuongea na kuzoeana, vitu ambavyo havionekani kwenye mizani wala kwenye mbio za saa.

Halafu kuna hesabu ya vichwa. Kabla ya kila jaribio senta hunyoosha kidole na kupaza sauti akimtaja mlinzi mmoja wa katikati. Hapo ndipo hesabu inapoanzia, na kila mmoja anajua anayemhusu. Wakija watano, watano wa mbele wanatosha. Wakija sita, mkimbiaji anabaki nyuma na kumzuia wa sita. Wakija saba, wa saba hana mtu, na kwa makubaliano ya timu huyo ni wa kwotabeki: anatakiwa amwone mapema na kuuachia mpira haraka kwa mpokeaji wa karibu. Akiangushwa na wa saba, safu haina deni. Mtazamaji asiyehesabu vichwa ataona mtu akipita bila kuguswa na kusema "safu imelala".

Michigan walikuwa mafundi wa kuichafua hesabu hii. Mfumo wao wa ulinzi uliletwa chuoni mwaka 2021 na Mike Macdonald, aliyetoka Baltimore Ravens, timu ya NFL, na baadaye akarudi huko. Aliyeurithi mwaka 2022 ni Jesse Minter. Kiini chake ni kuwasogeza watu sita karibu na mstari ambako mpira huanzia kana kwamba wote watavamia, kisha wanakuja wanne tu, na si wanne uliowatarajia: mlinzi wa katikati anaruka ndani, huku mtu mmoja wa mbele, mwenye mwili mkubwa, akirudi nyuma kuziba pasi. Wanaokuja ni wachache kuliko wanaokinga, na bado mmoja anafika bila kuguswa, kwa sababu wakingaji wawili wamebaki wakimtazama mtu aliyerudi nyuma. Safu ikiingia kwenye mtego huo, deni ni lake, na sehemu kubwa ni la senta, maana sauti yake ndiyo inayowapanga wenzake.

Mwisho kuna saa. Kwotabeki mzuri huuachia mpira ndani ya kama sekunde mbili na nusu. Milroe alijulikana msimu mzima kwa kuushika kwa muda mrefu, akisubiri mpokeaji afunguke mbali au akitafuta upenyo wa kukimbia. Hilo lilikuwa silaha yake. Ndilo lililoiokoa Alabama mara nyingi mwaka ule. Lakini lina gharama inayoandikwa kwenye akaunti ya watu wengine. Mtu wa pembeni hufundishwa kutomzuia mpinzani mwenye kasi kwa kifua. Anamsindikiza kwa mduara, akimsukuma apite nyuma ya mahali kwotabeki anapotakiwa kuwa. Sasa kwotabeki akirudi yadi mbili au tatu zaidi, mpinzani aliyekuwa amezuiwa vizuri kabisa anaingia kwenye mkono wake kama aliyeelekezwa. Wa pembeni anastahili alama nzuri. Saki inahesabiwa vile vile, na mtangazaji atalitaja jina lake.

Ndiyo maana swali la kwanza kwa kila saki linatakiwa kuwa la muda. Kabla ya sekunde mbili, mtafute mkosaji mbele, kwenye safu au kwenye hesabu. Baada ya sekunde tatu na nusu, anza na kwotabeki na wapokeaji walioshindwa kufunguka. Katikati ya hapo ndipo ubishi halali ulipo.

Makocha wanavyotoa alama

Asubuhi ya baada ya mchezo, kocha wa safu ya mbele haangalii matangazo ya televisheni. Ana picha zilizopigwa kutoka juu, nyuma ya goli, ambako safu nzima inaonekana kwa upana na kila hatua ya mguu inasomeka. Kamera ya televisheni iko ubavuni. Watano wanapangana kwenye picha kama mtu mmoja mnene. Kocha anarudia kila jaribio mara tano au zaidi, kila mara na mtu mmoja. Anamuuliza kila mmoja mambo mawili: ulikuwa unaijua kazi yako, na uliifanya? Timu nyingi huandika alama ya kujumlisha au ya kutoa kwa kila jaribio, kisha hutafuta asilimia. Kujua kazi na kushindwa kuifanya ni jambo moja. Kutoijua ni jingine, na makocha wengi hulichukulia hili la pili kuwa baya zaidi, kwa sababu aliyezidiwa nguvu angalau yupo njiani.

Nje ya timu wapo wanaotoa alama kwa kazi ya kulipwa. Pro Football Focus, kampuni iliyoanzishwa na Mwingereza Neil Hornsby, humpa kila mchezaji alama kati ya kutoa 2 na kujumlisha 2 kwa kila jaribio, kwa hatua za nusu, kisha jumla hugeuzwa kuwa kipimo cha hadi 100. Kinachonivutia kwao ni kwamba hawaishii kwenye saki. Wanahesabu pia mara kwotabeki alipogongwa baada ya kurusha na mara alipoharakishwa, na wako tayari kuiandika presha kwa jina la kwotabeki mwenyewe. Udhaifu wao ni kwamba hawakuwemo kwenye kikao cha timu. Wakimwona gadi amemwacha mtu apite, hawana njia ya uhakika ya kujua kama aliambiwa amwache. Ukikutana na alama ya 48.3 imeandikwa kando ya jina la kijana, kumbuka kwamba ile desimali ina uhakika kuliko mtu aliyeiandika.

Kuna hesabu moja ndogo ambayo ningependa kila shabiki aifanye kabla ya kuhukumu. Tuseme kila mmoja wa watano anafanya kazi yake sawasawa mara 95 katika majaribio 100. Ni mtu hodari sana huyo. Lakini jaribio linataka wote watano wawe sawa kwa wakati mmoja, na ukizidisha 0.95 × 0.95 × 0.95 × 0.95 × 0.95 unapata 0.77. Yaani safu ya watu hodari watano itakuwa na kasoro mahali fulani katika karibu robo ya majaribio yote. Washushe hadi 90 kila mmoja, na kasoro inafika majaribio 41 katika 100. Mpokeaji mmoja mwenye kipaji anaweza kuubeba mchezo. Gadi mmoja mwenye kipaji hawezi. Alabama walikuwa na vipaji vitatu vikubwa, na pembeni kushoto, mahali pagumu kuliko pote, walikuwa na mwanafunzi wa mwaka wa kwanza.

Mpira uliokwenda chini

Tumrudie McLaughlin, maana kwake hukumu ya umma haikuwa uongo mtupu. Mipira yake ilikuwa mibaya, na mpira mbaya kutoka kwa senta unaharibu zaidi ya unavyoonekana. Kwotabeki anasimama kama yadi 5 nyuma, macho yake yakiwa kwa walinzi. Mpira ukimfikia kifuani, anaudaka bila kuutazama. Ukienda magotini, inabidi ashushe macho, ainame, audake, anyanyuke, kisha aanze upya kutafuta nani amekwenda wapi. Anapoteza kama nusu sekunde, na tumeona nusu sekunde ina thamani gani. Saki inayofuata itaandikwa kwa aliyepitwa, huku chanzo chake kikiwa mkononi mwa senta.

Jaribio la mwisho lilionyesha yote haya kwa mkupuo. Katika muda wa nyongeza kila timu huanzia yadi 25 kutoka mstari wa goli. Michigan walianza, na Blake Corum akamaliza kwa mbio mbili tu, ya yadi 8 na ya yadi 17. Alabama walijibu mpaka wakafika jaribio la nne, yadi 3 kutoka kwenye mstari, ama wavuke ama msimu uishe. Kocha Nick Saban na wasaidizi wake waliamua Milroe akimbie mwenyewe. Mpira wa McLaughlin ukaenda chini. Milroe akainama kuudaka. Upande wa kushoto, Proctor, kijana wa zaidi ya kilo 160, alikuwa uso kwa uso na Josaiah Stewart, aliyekuwa na kama kilo 111. Stewart alimwingia kwa chini, mikono kifuani, akamrudisha nyuma mpaka ndani ya njia ambayo Milroe alitakiwa kupita. Derrick Moore akamfikia Milroe, rundo la watu likaporomoka, na mchezo ukaishia hapo.

Toa alama za jaribio hilo kama kocha. Senta: kutoa, kwa mpira. Wa pembeni kushoto: kutoa, na kubwa, kwa sababu katika yadi 3 aliyesimama wima hushindwa na aliyejikunja, hata akiwa na kilo 50 za ziada. Waliobaki watatu wangeweza kupata kujumlisha wote, na jaribio lingekufa vile vile. Na aliyechagua mbio hizo kwa safu iliyokuwa imepeleka mipira chini usiku kucha naye anastahili mstari wake kwenye karatasi, ingawa karatasi za alama huwa hazina nafasi ya makocha. Ningeuliza hilo mapema kuliko kumuuliza Proctor.

Ng'ambo ya pili, safu ya Michigan ilicheza bila Zak Zinter, gadi wake bora, aliyevunjika mguu Novemba 25 dhidi ya Ohio State. Hawakuchukua mtu wa akiba na kumchomeka alipotoka Zinter. Walimhamisha Karsen Barnhart kutoka pembeni kulia hadi ndani, na Trente Jones akaingia pembeni. Nafasi mbili zilibadilika ili kuziba pengo moja, kwa sababu walitafuta watano wanaofaa pamoja. Wiki moja baada ya Pasadena, mjini Houston, safu hiyo iliwafungulia wakimbiaji wake njia kwa yadi 303 na kuishinda Washington 34 kwa 13 katika fainali. Washington ndiyo iliyokuwa imeshinda tuzo ya Joe Moore ya 2023, ambayo tangu 2015 hupewa safu nzima ya mbele iliyo bora nchini, si mtu mmoja.

Alabama nao walitoa hukumu yao, kwa vitendo. Saban alistaafu Januari 10, na nafasi yake akapewa Kalen DeBoer, kocha yuleyule wa Washington. Booker alibaki. Proctor aliondoka kwenda Iowa, na ndani ya miezi michache akarudi. Alabama walimpokea na kumrudisha pembeni kushoto, pale pale aliposukumwa na Stewart. Walichokitafuta nje ni senta: Parker Brailsford, aliyekuwa katikati ya ile safu ya Washington iliyotuzwa, akamfuata DeBoer hadi Tuscaloosa, mji kilipo chuo cha Alabama, na kuichukua nafasi iliyoachwa na McLaughlin.